Hori la Vyumba Sita

"Huyu mbuzi amekula gunia zima la pumba, amekula majani ya mtaa mzima, amekula na kamba aliyofungiwa, na anavyonitazama sasa hivi, kesho atanila mimi na cherehani yangu pamoja! Halafu zitazame hizo mbavu! Mtu anaweza kuanika mashuka pale yakakauka!"

"Kamba hakula," alisema mume wake taratibu. "Kamba niliikata mimi."

"Katika yote niliyosema, umesikia kamba tu?"

"Nimesikia yote. Nimejibu lile la uongo."

Walikuwa wamesimama mbele ya banda, nyuma ya nyumba, chai bado haijachemka. Mbuzi mwenyewe, aliyeleta maneno yote hayo, alikuwa ndani ameegemeza paji la uso kwenye mbao za ukuta, kama mtu anayesikiliza siri za majirani. Alikuwa anasaga meno. Krrr, krrr. Mdomoni hakuwa na kitu.

"Na wewe acha kusaga meno!" mwanamke akamgeukia. "Wa kusaga meno hapa ni mimi!"

Huyo ndiye Mama Foronya. Mtaa mzima ulimwita hivyo kwa sababu alishona foronya na mashuka, na vichwa vingi vya mtaa ule, vyema na vibaya, vililala juu ya kazi ya mikono yake. Alikuwa mnene wa maneno, mwembamba wa subira. Mumewe aliitwa Fundi Betri. Betri ya gari ikifa, wenye nayo humletea yeye, naye huifungua kama mtu anayemenya chungwa, akatoa vipande vibovu, akayeyusha risasi, yale madini laini ya kijivu yaliyo ndani yake, akamimina vichwa vipya vya kuungia nyaya, na betri ikafufuka. Karakana yake ilikuwa ng'ambo ya ua, hatua chache kutoka banda la mbuzi. Kila kitu ndani yake kilikuwa na vumbi la kijivu: meza, mizani, redio, na Fundi mwenyewe.

Wa tatu alikuwa dada yake Fundi, yaani wifi, aliyekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa akisubiri chai isiyo yake. Wifi huyu aliishi mitaa miwili mbali, lakini ungedhani alipanga ile ndoo.

"Mimi nilishasema," alisema wifi. "Hilo ni jicho. Mbuzi mweupe namna hiyo mnamweka mahali kila mpita njia anamwona! Watu wana macho ya sindano siku hizi."

"Wifi yangu, kama ni macho, basi wewe ndiye unayemtazama kuliko wote. Unakuja kila siku."

"Jicho la shangazi ni la baraka."

"Aha."

Ili mtu aelewe kwa nini watu wazima watatu walikuwa wanatoleana macho kwa ajili ya mbuzi, lazima aanze na tumbo la Fundi. Tumbo hilo lilianza kumsumbua pole pole. Likimshika linamkunja katikati kama kisu cha kukunja, jasho linamtoka, halafu linamwachia, anajinyoosha na kudai alikuwa anatafuta skrubu sakafuni. Chooni alikaa mpaka watu wakaanza kugonga mlango. Chakula alikisukuma. Alisema kila kitu kina ladha ya msumari, na Mama Foronya, ambaye kwa mapishi hakubali kushindwa, alinuna mpaka Fundi akalazimika kula msumari wake na kushukuru.

Zahanati walimpa vidonge vya vidonda vya tumbo, wakamwambia anywe maziwa. Maziwa ya ng'ombe yakamkataa. Ya mbuzi yakakaa. Basi Mama Foronya akapata kazi ya mashuka ya nyumba moja ya wageni, akashona mpaka macho yakawa mekundu kama ya mvuta bangi, na mwisho wa kazi akarudi nyumbani anavuta mbuzi wa maziwa, mweupe kuanzia pembe hadi kwato, anayenyanyua miguu kwa madaha kana kwamba udongo wa pale haumfai. Wakamwita Bibi Harusi.

"Huyu si mbuzi," Mama Foronya alimwambia mumewe siku ile. "Hii ni dawa yako, inatembea kwa miguu minne. Akifa huyu na wewe sijui nikufanye nini."

Alisema kwa mzaha. Lakini alikuwa amemaanisha, na Fundi alijua, na kwa kuwa hakuwa mtu wa kusema asante, akaenda karakana kutengeneza hori la kumlishia.

Hilo hori lilikuwa maarufu. Alichukua ganda la betri kubwa ya lori, jeusi, gumu, zito. Akang'oa vilivyomo, akalisuuza kwa maji, akakata mdomo wake na kuupiga msasa ili usije ukamkata Bibi Harusi midomo. Ndani lilikuwa na vyumba sita vilivyotenganishwa kwa kuta, kama nyumba ya kupangisha. Chumba kimoja maji. Kimoja pumba. Kimoja chumvi. Vilivyobaki, alisema Fundi, ni vya wageni.

"Mbuzi ana vyumba sita na sisi tuna viwili," alisema Mama Foronya, lakini alikuwa anacheka.

Watu walikuja kuliona. Mbuzi akilipiga teke, halipinduki. Mvua ikilinyeshea, haliozi. Wawili watatu wakaagiza na wao, Fundi akasema atawatengenezea akipata nafasi. Na Bibi Harusi alilipenda kuliko wote. Hata likiwa tupu alikuwa analamba kuta zake, chumba kwa chumba, ulimi unapita kwenye pembe kama mtu anayefuta masufuria. Fundi alisimama mlangoni mwa karakana akamtazama, mikono kiunoni.

"Mnamwona? Mbuzi anaijua kazi nzuri. Watu ndio hawajui."

Mwanzoni maziwa yalijaa jagi. Fundi alikunywa kikombe asubuhi, kikombe jioni, na kwa muda tumbo likatulia, au wote walikubaliana kusema limetulia. Halafu manyoya ya Bibi Harusi yakaanza kupoteza mng'ao, yakasimama kama ya brashi ya viatu. Mgongo ukajitokeza. Jagi likawa nusu, likawa robo. Na kila maziwa yalivyopungua, ndivyo uso wa Fundi ulivyozidi kuingia ndani, mpaka wateja wakaanza kutania pale getini: "Fundi, wewe na mbuzi wako mnagawana chakula au mnagawana njaa?"

Fundi zamani angecheka. Sasa aliwatupia nyundo. Kweli, alitupa nyundo. Haikumpata mtu, kwa sababu mkono wenyewe haukuwa na nguvu.

Kuhusu mkono huo, wifi alikuwa na maelezo tayari. Kiganja cha kulia cha Fundi kilikuwa kimeanza kuning'inia. Akinyoosha mkono mbele, kiganja kinainama chini chenyewe, kama ua lililokosa maji. Spana alishika kwa kushoto.

"Huo ni mkono wa ukoo," alisema wifi, na alisema kama wengine wanavyosema shamba la ukoo. "Baba alikuwa nao. Baba mdogo alikuwa nao. Wanaume wa kwetu mikono yao inachoka mapema kwa sababu walianza kazi mapema. Na tumbo ni la ukoo. Na hasira ni za ukoo. Wanaume wa kwetu ni watu wa moto."

"Na nyie wanawake wa ukoo?"

"Sisi hatuna. Kwetu inapita kwa wanaume tu."

Mama Foronya aliyajua hayo tangu alipoolewa. Aliambiwa na mama mkwe siku za mwanzo, kama unavyoonyeshwa mahali chumvi inapowekwa: mume wako akifika umri fulani atakuwa mkali, atakuwa na tumbo, mkono utalala, umvumilie. Baba mkwe, fundi betri. Baba mdogo, fundi betri. Wote walitangulia mapema, na picha zao zilikuwa ukutani sebuleni, mashavu yameingia ndani, midomo imefungwa. Katika ukoo ule wanaume hawakucheka kwenye picha.

Fundi naye alikuwa ameacha kucheka mdomo wazi. Siku moja alipiga mwayo, mkewe akaona kwenye fizi zake, pale zinapokutana na meno, mstari mwembamba wa rangi ya bluu iliyokolea.

"Heh! Mzee, siku hizi unapaka wanja kwenye fizi? Unampambia nani?"

"Uchafu wa kazi."

"Basi piga mswaki, utatisha wateja."

Alipiga mswaki. Wanja haukutoka. Wakasahau.

Kazi ya kumtafuta mchawi wa mbuzi, kama wifi alivyoiita, ilianza na minyoo. Mama Foronya alimnywesha Bibi Harusi dawa ya minyoo kwa chupa, mbuzi akamtemea nusu kwenye kanga, nusu akameza. Hakuna kilichobadilika ila kanga. Akabadilisha majani. Akabadilisha duka la pumba, akamtukana mwenye duka la kwanza, halafu ikabidi amwombe radhi. Akashuku kwamba kuna mtu anamkamua mbuzi kwa siri, akahamishia cherehani dirishani, akashona siku kadhaa shingo imegeuka kama kuku anayeona mwewe. Hakuna mwizi aliyekuja. Alichopata ni shingo iliyokakamaa na foronya zilizoshonwa pande zote nne, haziingii mto.

Mwisho wifi akashinda. Likatundikwa pazia la magunia kati ya banda na njia, ili macho ya watu yasipite. Na hapo ndipo mambo yalipochanganya watu.

Wiki ile ile ya pazia, hori la vyumba sita lilipata ufa upande wa maji. Fundi akalichukua karakana kuliziba. Zamani kazi hiyo ingemchukua muda wa kunywa chai. Sasa aliliweka chini ya meza akalisahau, akikumbushwa anafoka, akiacha kufoka analisahau tena. Mama Foronya akachoka kusubiri, akampa mbuzi maji na pumba kwenye beseni lake la plastiki la kulowekea vitambaa.

Bibi Harusi siku za kwanza alilizunguka beseni kwa dharau. Alikwenda mahali hori lilipokuwa, akalamba udongo. Lakini baadaye akaanza kula sawasawa. Kusaga meno kukapungua. Kichwa kikaondoka ukutani. Siku moja Mama Foronya akimkamua, maziwa yakapiga ndani ya jagi kwa sauti ambayo hakuisikia muda mrefu, akaita nyumba nzima ije isikilize.

"Pazia!" wifi alipiga makofi. "Nilisema mimi! Jicho limekosa njia!"

Mama Foronya hakubisha. Ukipata maziwa, utabishana na nani? Fundi alikunywa vikombe vyake, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu akauliza kama kuna chakula kilichobaki. Mkewe alitoka nje akasimama nyuma ya jiko peke yake kidogo, akajifuta macho kwa pindo la kanga ile ile yenye doa la dawa ya minyoo. Halafu akarudi, akamwambia amalize chakula, asimwachie sufuria la kukwangua.

Halafu Fundi akalikumbuka hori. Aliliziba vizuri, akapaka lami ya moto kwenye ufa, akalirudisha mwenyewe, amejikunja kwa uzito, anahema.

Bibi Harusi alilipokea kama mume aliyekuwa safarini. Pumba ilikuwa imejaa chumba cha pili, maji safi chumba cha kwanza. Hakugusa. Alipitisha ulimi chumba cha tano, kitupu, kona kwa kona.

Haikuchukua muda. Krrr, krrr. Paji la uso ukutani. Asubuhi moja alitoka bandani akagonga mlango uliokuwa wazi kabisa, akarudi nyuma, akagonga tena, kama haoni.

"Pazia limetoboka," alisema wifi, na akaenda kulikagua gunia kwa gunia.

"Pazia lipo," alisema Mama Foronya.

"Basi jicho limepita juu."

"Wifi, pazia lilikuwepo akiwa mzima, na pazia lipo akiwa mgonjwa. Pazia halijatoka pale. Kilichotoka ni nini?"

Wifi alifikiri. "Mimi nilikwenda kwa binti yangu siku kumi hivi."

"Ningependa iwe ni wewe," alisema Mama Foronya. "Ingekuwa rahisi."

Aliingia bandani, akachuchumaa mbele ya hori. Siku zote alikuwa analiona kutoka juu, kama unavyoona ndoo. Sasa alilitazama kwa ndani. Vyumba vya chakula vilikuwa vyeusi vya kawaida. Lakini kwenye pembe za vile vya wageni, chini, kulikuwa na ukoko wa kijivu uliogandamana, na kuuzunguka ukoko huo ulimi wa mbuzi ulikuwa umesugua mpaka pakang'aa. Akaukwangua kwa ukucha. Ni kijivu kile kile. Kilichokuwa kwenye redio. Kilichokuwa kwenye ovaroli anazofua kila wiki na maji yake kuyamwaga kwenye majani kando ya ua, majani anayomkatia mbuzi. Akagusisha ulimi bila kufikiri, kama mpishi. Kulikuwa na utamu wa mbali, usio wa sukari wala wa tunda. Akatema, akatema tena, akasuuza mdomo, na utamu ukabaki.

Kutoka karakana nyundo ilikuwa inagonga. Ko. Kimya kirefu. Ko. Alikuwa anagonga kwa mkono wa kushoto.

Daktari wa mifugo alikuja siku iliyofuata, binti mrefu mwenye mabuti ya mpira na mfuko begani. Wifi alimtazama kutoka juu ya ndoo, akasema kwa sauti ya kusikika, "Wamemtuma mtoto." Binti akamwamkia kwa adabu, wifi akaishiwa silaha.

Alimpima mbuzi joto, akamfunua kope, akamshika tumbo, akampungia mkono mbele ya macho. Mbuzi hakupepesa.

"Mama, anakula nini?"

Mama Foronya alilivuta hori mpaka kwenye mwanga. Yule binti aliinama kutazama, halafu akanyooka haraka, akarudi nyuma hatua moja, na ile hatua moja Mama Foronya aliiona vizuri kuliko yote yaliyosemwa baadaye.

"Hili ni ganda la betri."

"La lori," alisema wifi kwa fahari. "Kaka yangu ndiye aliyelitengeneza. Limesuuzwa."

"Halisuuziki, shangazi. Hiyo ya kijivu ni risasi. Ni sumu. Wanyama wanaipenda, wanailamba kama chumvi. Inakaa mwilini, inakwenda kwenye damu, kwenye mifupa, kwenye kichwa. Tumbo linafunga, anakonda, anasaga meno, anapoteza macho." Alikuwa tayari anatoa sindano ya kuchukulia damu. "Nitaipeleka ikapimwe. Lakini msisubiri majibu. Hili liondoke leo. Na maziwa yasinywewe, yanaweza kuwa nayo. Nani anayanywa?"

Wifi akamgeukia Mama Foronya.

"Mama? Maziwa ya huyu mbuzi anakunywa nani?"

"Mume wangu," alisema Mama Foronya. "Ndiyo dawa yake ya tumbo."

Binti alisimamisha sindano hewani. "Ana tumbo?"

"Ana tumbo."

"Na anafanya kazi gani?"

Ng'ambo ya ua nyundo ikajibu. Ko. Binti akageuka kutazama kule sauti ilikotoka, mlango wa karakana wazi, moshi mwembamba unatoka kwenye sufuria la kuyeyushia. Akashusha sauti.

"Mama, mimi ni daktari wa mbuzi. Ya watu siyawezi. Lakini mwambie aende hospitali, si kesho. Awaambie wampime risasi kwenye damu. Awaambie kazi yake. Wasipoambiwa hawatauliza."

Hakuna mtu zahanati aliyewahi kuuliza. Na Fundi, ukimuuliza anaumwa nini, alisema tumbo. Kazi yake aliitaja lini kama ugonjwa?

Binti aliondoka. Mama Foronya alilishika hori kwa tambara, akalivuta mpaka katikati ya ua, akaliacha pale juani. Wifi alikuwa ameondoka kwenye ndoo bila kujua, amesimama, mikono kifuani.

Fundi alitoka karakana akijifuta kwa kitambaa kilichokuwa kichafu kuliko mikono. "Mnalitoa kwa nini?"

Mkewe akamwambia. Alimwambia yote, kwa mpangilio, bila kutia chumvi hata chembe, na hilo peke yake lilimtisha Fundi kuliko maneno yenyewe. Miaka yote ya ndoa hakuwahi kumsikia akisema jambo bila kulizidisha.

"Mtoto wa shule," alisema Fundi. "Kaona betri, kaona sumu. Nimeshika risasi tangu sijaota ndevu. Baba alishika. Ningekuwa nimekufa."

"Baba yako alikufa."

"Alikufa na tumbo!"

Bibi Harusi, ndani ya banda, aliegemeza kichwa ukutani. Krrr.

"Baba naye," alisema wifi polepole, na sauti yake haikuwa ile ya siku zote, "siku za mwisho alikuwa anaweka kichwa ukutani. Tukadhani anasali."

"Wewe nyamaza!" Fundi alifoka. Mshipa wa shingo ukasimama. Akamgeukia mkewe. "Huo ni mwili wetu. Ni damu yetu. Mama alikwambia siku ulipoingia nyumba hii. Mkono ni wa ukoo, tumbo ni la ukoo. Sasa kwa sababu ya mbuzi mmoja nifunge karakana? Nikae wapi? Nikae nawe dirishani nishone foronya?"

"Utashona vibaya, lakini utashona," alisema Mama Foronya. "Fungua mdomo."

"Nini?"

"Fungua mdomo nione fizi."

Fundi alifunga mdomo. Aliufunga vile vile kama wale wa kwenye picha sebuleni.

Mama Foronya alimsogelea mpaka karibu. Hakupaza sauti. Mtu angepita njiani angedhani anamwuliza mumewe atakula nini mchana.

"Haya. Mkono ni wa ukoo, nimekubali. Tumbo la ukoo, hasira za ukoo, nimekubali, nimeolewa nazo, nimezipikia na kuzifulia. Mimi sibishani na ukoo. Nataka unijibu moja tu, mume wangu. Huyu mbuzi nilimleta mimi. Nilimvuta kwa kamba kutoka kule. Kaingia hapa ni mzima, mweupe kama shuka. Sasa ana tumbo, ana meno, ana kichwa ukutani. Na yeye ni wa ukoo wenu?"

Wifi aliisogeza ndoo yake mbali na hori.

Fundi alitazama banda. Alitazama hori, vyumba vyake sita wazi kuelekea jua, kile kijivu cha pembeni kinang'aa. Aliinama kuokota kitambaa kilichomdondoka. Mkono wa kulia ukaenda, vidole vikakigusa, havikufunga. Akakiacha pale pale chini. Akageuka, akavuka ua kurudi karakana, anatembea wima kwa nguvu kama mtu anayejua anatazamwa, na kiganja kikimning'inia pembeni, kinapigapiga paja kila hatua.